Bolivia Hupangwa kwa Mita: Mwongozo kwa Kundi la Marafiki Kutoka Nairobi

Marafiki wakikaa mezani hapa Nairobi kupanga safari ya Bolivia kwa shanta, jambo la kwanza huwa ni kufungua ramani na kuhesabu kilomita. Hesabu hiyo haina ubaya, ila haisaidii sana, kwa sababu katika nchi ile kinachomwangusha msafiri ni kimo cha mahali anapolala. Uwanja wa ndege wa El Alto, unaohudumia jiji la La Paz, uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon anajua maana ya kimo hicho: ni karibu sawa na kambi ya Shipton, ambako mpandaji hufika siku ya pili, akiwa amelala usiku mmoja njiani ili mwili uzoee. Abiria wa ndege huteremshwa hapo kwa mkupuo mmoja, na baada ya saa moja anaburura mzigo wake kutafuta teksi, katika mji wenye wakazi zaidi ya laki nane ambao kwao hicho ni kimo cha kawaida tu.

Kwa hiyo mwongozo huu una nguzo moja. Njia, fedha, idadi ya watu na hata makubaliano ya kabla ya safari, vyote vipangwe kwa kufuata mita.

Liko pia jambo la majivuno ambalo ni heri kulimaliza mapema. Wakenya tumezoea kujiona watu wa milima kwa sababu wanariadha wetu hutoka huko. Lakini Iten iko takriban mita 2,400, Nairobi yenyewe haifiki 1,800, nayo La Paz iko kwenye 3,600 na kitu. Tarehe 1 Aprili 2009 timu ya taifa ya Argentina, ikiwa na Messi uwanjani na Maradona kwenye benchi la ukocha, ilifungwa na Bolivia mabao 6 kwa 1 katika mji huo. Nguvu za miguu na mapafu si kinga ya mwinuko. Kijana anayekimbia Karura kila asubuhi anaweza kulazwa chini na kichwa huku mwenzake mwenye kitambi akinywa supu bila wasiwasi.

Mazoezi ya Ngong na Longonot yana faida yake, nayo ni kuimarisha magoti na kumjulisha kila mmoja mwendo wa mwenzake. Jaribio la kweli ni Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, angalau miezi miwili kabla ya safari. Aliyewahi kuugua kwa sababu ya mwinuko ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena, na ni afadhali kundi lilijue hilo Sirimon kuliko Uyuni, huko Bolivia.

Kundi na katiba yake

Idadi inayofaa ni watu sita. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: gari la kuzungukia jangwa la chumvi la Uyuni na nyanda za kusini hubeba kwa kawaida abiria sita pamoja na dereva, na kundi linalojaza gari lina sauti juu ya mwendo, mapumziko na saa ya kuondoka. Mkiwa wanne, mtaongezewa wageni wawili ambao hamwajui na ambao huenda wakataka kukimbizana na muda. Mkiwa saba, mmoja atapanda gari jingine, na urafiki utaanza kuchekechwa hapo hapo.

Mfumo wa fedha msiubuni upya, kwani kila mtu Nairobi anaujua tayari. Undeni chama. Kila mmoja achange kiasi sawa cha dola kwenye mfuko wa pamoja wa kulipia malazi, mabasi, magari na chakula cha pamoja. Vinywaji na zawadi kila mtu ajilipie. Mhazini awe mmoja, lakini pesa zigawanywe zikae kwa watu wawili wanaolala vyumba tofauti, na kila jioni hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote, hata kama mmechoka. Katika safari yetu wenyewe ya Bolivia tuliruka kusoma hesabu kwa siku tatu tu, na ikatuchukua siku mbili za kununiana kupatana tena juu ya kiasi kisichozidi bei ya chakula cha mchana.

Katika katiba hiyo ya chama kuna kifungu kimoja ambacho ningekiandika hata kama vingine vyote vingeachwa: mtu yeyote akipata dalili za mwinuko atasema siku hiyo hiyo, hali ikizidi atashuka, hatashuka peke yake, na gharama ya kushuka kwake pamoja na mwenzake italipwa na mfuko wa pamoja. Haya yakubaliwe Nairobi, mkiwa mmeshiba na hamna haraka. Katika kundi letu hatukuwa na kifungu hicho. Mwenzetu mmoja alificha maumivu ya kichwa kwa siku mbili kwa sababu hakutaka kuwa ndiye aliyeharibu safari, na usiku wa pili nyikani, kwenye mita 4,300 hivi, alitapika hadi alfajiri. Dereva wa kampuni tuliyoikodi alikataa kugeuza gari hadi tulipoongeza pesa, na tukapoteza karibu saa nzima ya baridi kali tukibishana nani atoe. Lile halikuwa kosa la mgonjwa. Tulikuwa tumemwachia achague kati ya afya yake na furaha yetu.

Kabla ya kuondoka

Anzeni na karatasi. Kenya huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Bolivia huwadai wasafiri kutoka nchi za namna hiyo cheti cha chanjo. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayekwenda kuchanjwa wiki ya safari amejichelewesha. Na tangu mwaka 2016 chanjo moja huhesabiwa kuwa ya maisha yote, hivyo aliye na kadi ya zamani aitafute kabatini badala ya kulipia nyingine. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara. Yathibitisheni kwa ubalozi wa Bolivia unaohudumia Kenya kabla ya kulipia tiketi, na mfanye vivyo hivyo kwa kila nchi ambamo mtabadilishia ndege. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Njia iliyo nyepesi ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo nchini Brazil, kisha kuunganisha hadi Santa Cruz, mji wa Bolivia ulio tambarare.

Msimu nao unatugomba sisi wa Nairobi, kwa kuwa wengi hupata likizo Desemba. Desemba hadi Machi ni mvua: barabara za milimani huporomoka, na jangwa la chumvi hujaa maji. Ni kweli kwamba maji hayo hugeuka kioo na picha zake ndizo zinazowavutia watu, lakini baadhi ya njia hufungwa na magari hayafiki mbali. Ombeni likizo kati ya Mei na Septemba. Anga huwa safi na njia kavu, ingawa usiku wa Juni na Julai kule kusini baridi hushuka hadi nyuzi kumi na tano chini ya sifuri na zaidi.

Mavazi ya baridi hiyo hayahitaji maduka ya fahari. Gikomba na Toi zina jaketi za manyoya ya bata, suruali za kuzuia upepo na fulana za sufu kwa bei ya mitumba, ila kagueni zipu na mishono mapema, kwa kuwa zipu mbovu kwenye mita 4,500 ni msiba. Buti zinunuliwe miezi miwili kabla na zivaliwe hadi zikubaliane na mguu. Shanta isizidi kilo kumi na mbili ikiwa imejaa. Mifuko ya kulalia, mahema na majiko mtayakodi La Paz, mtaa wa Illampu, ambako maduka ya vifaa vya mlima yamepangana; mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni kwa vyovyote. Kila mmoja achukue shuka la Kimaasai. Ni blanketi kwenye basi la usiku, ni skafu kwenye upepo, ni pazia pale ambapo choo hakina mlango, na ni zawadi nzuri mwishoni. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua si mapambo, hata kwa ngozi nyeusi. Juu ya chumvi nyeupe mwanga hupiga kutoka juu na kutoka chini, na macho yasiyokingwa huwasha usiku kucha kama yaliyotiwa mchanga.

Bolivia hutumia sarafu iitwayo boliviano. M-Pesa haifiki huko, na masoko na mabasi mengi hutaka pesa taslimu. Bebeni dola mpya zisizokunjwa wala kuchanika, kwa kuwa noti yenye alama hukataliwa. Mwaka 2023 dola zilianza kuwa adimu nchini humo, na bei ya mitaani ikaachana na ile ya benki, hivyo ulizeni kwenye nyumba ya wageni kabla ya kubadilisha. Jambo dogo linalosahaulika ni hili: benki nyingi za hapa hutuma namba ya uthibitisho kwa arafa kila unapotumia kadi ukiwa nje, kwa hiyo laini ya Kenya iruhusiwe kupokea ujumbe ng'ambo kabla hamjafika uwanja wa Jomo Kenyatta.

Njia: kutoka chini kwenda juu

Wasafiri wengi hutua La Paz kisha hushuka. Sisi tulipanda, na ningerudia hivyo hivyo. Anzeni Santa Cruz, kwenye mita 400 hivi, mlale siku mbili kuondoa uchovu wa ndege. Kutoka hapo nendeni Sucre kwa ndege fupi au kwa basi la usiku. Sucre ndiyo mji mkuu kwa mujibu wa katiba, ingawa serikali hukaa La Paz, na kimo chake cha mita 2,800 ni ngazi nzuri ya kwanza. Kaeni hapo siku nne, hata kama mji mdogo wenye kuta nyeupe utawachosha baada ya siku mbili. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike pasipo kupanda.

Hapa barabara haitii kanuni. Kutoka Sucre kwenda Uyuni hupitia Potosí, mji ulio kwenye mita 4,000 na ushei, uliokuwa maarufu duniani kwa fedha iliyochimbwa katika mlima wa Cerro Rico tangu 1545. Ushauri wangu ni kula chakula cha mchana Potosí na kutolala. Endeleeni siku hiyo hiyo hadi Uyuni, ambayo iko chini kidogo, mita 3,670 hivi; huko bado mtakuwa mmezidisha kiwango, basi mlale Uyuni siku mbili kabla ya kuingia nyikani. Wapo wanaotembezwa ndani ya migodi ya Potosí kuangalia wachimbaji wakiwa kazini. Sikuingia, wala sikujuta, kwa kuwa vumbi la humo bado linaua watu wakiwa vijana, na sikuona nilichokuwa naenda kutazama.

Jangwa la chumvi la Uyuni lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Mkenya atalilinganisha na Magadi, kisha ataacha baada ya dakika tano. Safari ya siku tatu kwa gari huvuka chumvi, hupita kisiwa cha Incahuasi chenye dungusi warefu kuliko nyumba, kisha huelekea kusini kwenye ziwa jekundu la Laguna Colorada, ambako heroe, wale tunaowaita flamingo, husimama majini kama kule Bogoria, tofauti ni kwamba hawa wamo kwenye mita 4,270. Asubuhi ya siku ya tatu magari hupanda hadi chemchemi za mvuke za Sol de Mañana, karibu na mita 4,900, yaani karibu kimo cha Lenana bila kutembea hatua. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne na mdai yaandikwe kwenye risiti: gari lina mtungi wa oksijeni, usiku wa pili mtalala kimo gani, maji ya kunywa ni lita ngapi kwa kila mtu, na mgonjwa akizidiwa gari litageuka bila malipo ya ziada. Swali la nne tulilijua kwa kuungua.

Baada ya Uyuni, La Paz itawapokea kama mahali pa kupumulia. Mabasi ya usiku hufika alfajiri. Chagueni viti vya kulala, ambavyo huko huitwa *cama*, na mizigo ya thamani ikae miguuni. Jiji limo bondeni, na tangu 2014 watu husafiri juu ya mapaa kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, mfumo uitwao Mi Teleférico, kwa nauli ndogo. Chini kuna matatu kwa kila namna isipokuwa jina: mabasi madogo, na makanga akining'inia mlangoni akitaja vituo kwa mkupuo mmoja wa pumzi. Utamwona pia punda milia akivusha watoto barabara. Hao ni vijana waliovaa mavazi ya punda milia kufundisha madereva adabu, na kwa mtu aliyetoka nchi ya punda milia wenyewe, kuvushwa barabara na mmoja wao kuna raha yake.

Kutoka La Paz chagueni mojawapo kati ya njia mbili. Mnaotaka kutembea na shanta mgongoni shikeni njia ya El Choro, iliyotandazwa mawe kabla ya Wahispania kufika, inayoanzia juu ya mita 4,600 na kuteremka kwa siku tatu hadi kwenye misitu ya joto ya Yungas. Magoti ndiyo yatakayolalamika huko. Mnaotaka maji pandeni basi kwenda Copacabana, kando ya Ziwa Titicaca, mita 3,812. Mlangobahari wa Tiquina utawakumbusha Likoni, ila pale abiria huvuka kwa mashua ndogo na basi huvuka peke yake juu ya chelezo, jambo linalotia shaka mpaka ulione likitokea. Kwa njia yoyote, wekeni siku tatu za akiba. Waandamanaji wa Bolivia hufunga barabara kuu kwa mawe na magogo, na kizuizi kinaweza kudumu siku kadhaa. Msijaribu kukipita kwa nguvu.

Mwili ukikataa

Watu wa Andes huuita ugonjwa huu *soroche*. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa vipande vipande. Kwenye mita 4,000 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 60 ya ile ya pwani, na mwili hufidia kwa kupumua zaidi. Usiku mwenzako anaweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa kisha akavuta pumzi kubwa. Hilo hutisha, lakini ni la kawaida kwenye kimo hicho. Dawa ya asetazolamidi, inayojulikana zaidi kama Diamox, husaidia mwili kuzoea, nayo itumiwe kwa ushauri wa daktari mkiwa bado Nairobi, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Siku mbili za kwanza za kila kimo kipya msinywe pombe, mle wanga, na mtembee kama wazee.

Dalili zisizojadiliwa ni hizi: mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, akikosa pumzi hali amekaa kitako, au akikohoa povu. Huyo ashuke usiku huo huo, asingoje asubuhi. Kutoka nyanda za juu za kusini mpelekeni Uyuni kwanza. Kutoka La Paz, hata kuhamia mitaa ya kusini ya jiji lenyewe, ambako matajiri huishi bondeni kwenye joto, humpunguzia mtu mita mia tatu na zaidi.

Chai ya majani ya koka hutolewa kila mahali na ni halali huko. Inatuliza tumbo, lakini haichukui nafasi ya kushuka, na inaweza kuonekana kwenye vipimo vya dawa za kulevya, jambo la kuzingatia kwa anayepimwa kazini.

Kula, kusema na kutazamwa

Sokoni saa sita mchana huuzwa *almuerzo*, yaani supu na sahani ya pili kwa bei moja, na ndicho chakula bora kwa pesa kidogo. Kiazi cha chipsi na mukimo asili yake ni milima ya Andes, na huko utakutana na jamaa zake wengi, akiwamo *chuño*, kiazi kilichogandishwa na baridi ya usiku, kikakanyagwa kwa miguu na kuanikwa. Ladha yake niliizoea siku ya tano. Kihispania kidogo kinatosha, na Mswahili ana bahati, kwa sababu irabu zake ni zile zile tano na husomwa vile vile. Atakayesoma *cuánto cuesta*, yaani ni bei gani, kama aliyeandikiwa Kiswahili, c ikiwa k, ataeleweka na muuzaji.

Mtatazamwa. Wako Wabolivia wenye asili ya Afrika, wazao wa watumwa, wengi wao katika vijiji vya Yungas kama Tocaña, na katiba ya 2009 inawatambua. Ngoma yao ya *saya* ina njuga za miguuni ambazo hutahitaji kutafsiriwa. Mahali pengine, mpita njia akimwona mtu mweusi humfinya mwenzake akisema *suerte*, yaani bahati, kwa imani ya zamani. Wengine wetu walicheka, mmoja alikasirika, na wote walikuwa na haki. Kubalianeni kwamba anayekasirika hataambiwa na wenzake apuuze.

Nyumbani mpigieni kwa kukumbuka kwamba Bolivia iko saa saba nyuma: tunapokula chakula cha jioni Nairobi saa mbili usiku, kwao ni saa saba mchana. Siku ya mwisho vunjeni mfuko wa pamoja kabla ya uwanja wa ndege, badilisheni boliviano zilizobaki huko huko kwa sababu Nairobi hazina mnunuzi, na kila mtu atikise mifuko yake yote, ikiwamo ile ya ndani ya jaketi, ahakikishe hakuna jani la koka lililosahauliwa.